Stebilaiza ya friji, uzoefu wangu wa miezi minane

Mi nakaa Chanika, nyumba yetu iko mwisho kabisa wa laini, kutoka kwenye transfoma mpaka kwetu ni nguzo kibao, na friji ndo linanilisha maana nauza barafu za ubuyu. Mwaka jana kompresa ikaungua, fundi akanichaji 190,000. Dalili nilikuwa naziona ila sikuelewa, saa 2 usiku feni inazunguka kivivu, friji linataka kuwaka linaguna nguuu sekunde kadhaa halafu tak, kimya, baadae linajaribu tena. Kumbe umeme ukiwa mdogo mota inashindwa kuanza, inavuta moto mwingi mpaka waya za ndani zinaungua.

Nikaanza na friji gadi ya 25,000. Kazi inafanya, ila yenyewe inakata tu, haiongezi umeme, sasa kwetu ikawa inakata kila siku saa 1 mpaka saa 4 usiku, asubuhi barafu hazijashika na watoto wa shule wanapita tu. Ndo nikajipinda nikanunua stebilaiza, yenyewe inapandisha umeme ukiwa mdogo, ya VA 2000 (VA ni kipimo cha mzigo inaoweza kubeba) kwa 145,000. Muuza duka alitaka kunipa ya 500 eti friji linakula wati 150 tu, fundi akakataa kabisa, friji likiwa linaanza linavuta mara kadhaa ya hapo.

Ina kioo kinaonyesha umeme unaoingia na unaotoka, na wiki ya kwanza kilininyima usingizi jamani. Asubuhi unaingia volti 236, mchana 228, usiku wa manane watu wamelala 243! Nikampigia fundi nikasema hii mashine mbovu, namba hazitulii. Akaniambia mama tulia, 230 ni ya kwenye karatasi, umeme kucheza asilimia 10 juu au chini, yaani 207 mpaka 253, ni kawaida na vyombo vingi vinavumilia, we niambie saa 2 usiku inasoma ngapi. Nikaangalia, 171. Akasema haya, hapo ndo penye ugonjwa wako.

Na hapo ndo nimeipenda, inaingia 171 unasikia tak ndani ya boksi, inatoka 219, friji linanguruma kama kawaida. Saa 11 alfajiri barafu ni jiwe.

Kasoro zipo. Hiyo tak tak kama unalala chumba kimoja nayo itakusumbua, na inapata joto kwahiyo usiifunike kitambaa. Boksi limeandikwa 140 mpaka 260, siku moja ulishuka 132 ikazima yenyewe, ukirudi inasubiri dakika 3 kabla ya kuruhusu, usidhani imekufa. Pasi na jagi la umeme usichomeke humo.

Kama kwako usiku haushuki chini ya 200 usinunue hii, gadi inakutosha. Azima mita ya fundi upime siku tatu, saa 2 usiku, sio mchana.