Miezi minane na mtambo unaosikiliza kwa faiba: masikio anayo, mita zake zipime mwenyewe

Nalinda bomba la mafuta lililofukiwa, kilomita 38. Kando yake imelala kebo ya faiba ya mawasiliano, na ndani yake kulikuwa na nyuzi za kioo zisizotumika. Tukauchomeka mmoja kwenye mtambo wa leza, basi. Hakuna kitambuzi hata kimoja kilichofukiwa njiani. Uzi wenyewe ndio sikio.

Leza inarusha mipigo ya mwanga. Kioo hakikosi kasoro ndogondogo zisizoonekana kwa macho, kwa hiyo kila hatua mwanga kidogo unarudi nyuma. Ndani ya kioo mwanga hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi kilomita moja ni maikrosekunde 10. Mtu akichimba, uzi unavutika kidogo mno, mwangwi wa kipande hicho unabadilika, na muda uliotumika kurudi ndio unaotaja umbali. Sisi tunarusha mipigo 2,000 kila sekunde. Kwa urefu wetu huwezi kuzidi 2,600 hivi, maana mpigo mmoja lazima urudi kabla ya mwingine kuondoka.

Kwenye skrini mtu anayetembea sambamba na bomba ni mstari mwembamba ulioinama. Gari ni mstari mnene. Sururu ni vidoti vinavyorudia pale pale, na ukishaviona mara moja huvisahau.

Sasa kero. Wiki ya pili, usiku, kengele ikalia: kuna anayechimba kilomita 17.42. Tukakimbilia alama ya 17.42, tukakuta majani yametulia. Asubuhi shimo likaonekana mita 240 nyuma yetu. Mtambo haukukosea, ulihesabu mita za uzi, si za ardhi. Mafundi waliotandaza kebo waliacha akiba ya mita 30 imeviringwa kwenye kila chemba, yaani shimo la kufikia kebo, na hadi hapo chemba zilikuwa nane. Muuzaji hakugusia jambo hili hata kwa bahati mbaya.

Dawa yake ilikuwa nyundo. Mzee wetu wa doria alitembea na GPS na nyundo kubwa, mimi niko kwenye skrini na simu sikioni. "Mzee, gonga mara tatu." Du, du, du, vinatokea. Naandika mita ya uzi, yeye anataja mahali aliposimama. Siku nne tulimaliza njia nzima, na tangu hapo tunaangukia ndani ya mita 10. Ukinunua mtambo huu, usiwashe kengele kabla ya kazi hiyo.

Mvua kubwa bado inatusumbua, skrini yote inachafuka. Pampu ya kituoni ni mstari usiokatika, tukauambia mtambo uupuuze. Data ni janga: ukihifadhi kila kitu ni karibu terabaiti 5 kwa siku, kwa hiyo tunabakiza dakika chache tu kabla na baada ya kila kengele. Na kebo ikikatwa, unajua papo hapo imekatikia wapi, ila kuanzia hapo kwenda mbele umeziba masikio.

Kuna kipande cha mita 300 ambapo kebo imepitishwa ndani ya bomba la plastiki, imelegea, haijashikana na udongo. Pale mzee aligonga mpaka jasho likamtoka, mimi naona ukungu tu. Kipande hicho bado anakipitia kwa miguu, mara mbili kila usiku.