Jedwali la joto la miji: uzoefu wangu wa misimu mitatu ya kipupwe

Nafuga kuku wa mayai nje kidogo ya mji wa Njombe, na kwa misimu mitatu ya kipupwe sijalala kabla ya kutazama jedwali la joto la miji ambalo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hulitoa kila siku. Kila mji huandikiwa hali ya anga, joto la juu na la chini, pamoja na saa za kuchomoza na kuzama kwa jua. Mimi huanza na joto la chini.

Sababu ni vifaranga. Kifaranga wa siku moja huhitaji nyuzi 32 hadi 35 za sentigredi katika wiki yake ya kwanza, na wangu husafirishwa kutoka Dar es Salaam, ambako hata usiku wa Julai joto huwa karibu nyuzi 19, hadi huku kwetu ambako usiku huohuo laweza kushuka chini ya nyuzi 10. Mistari ya miji hiyo miwili katika jedwali ndiyo huniamulia kama nipokee mzigo au niuahirishe.

Hapo awali nilitegemea programu fulani ya simu. Usiku mmoja ilionyesha nyuzi 14, nikawasha jiko moja tu la mkaa, na asubuhi nikakuta vifaranga 37 wamekufa kwa kurundikana kwenye kona wakitafuta joto. Iliniuma sana.

Hata hivyo, mtumiaji ni lazima aelewe kwamba takwimu ya mji si takwimu ya banda lake. Kipimajoto cha kituo hukaa ndani ya kibanda cheupe kinachopitisha hewa, zaidi ya mita moja juu ya ardhi, ilhali banda langu liko bondeni, ambako hewa ya baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka na kutuama usiku usio na mawingu. Nilining'iniza kipimajoto changu bandani mwezi mzima wa Juni nikilinganisha: usiku wa mawingu tofauti ilikuwa nyuzi moja, usiku mweupe ilifika nne. Sasa jedwali likionyesha anga isiyo na mawingu, napunguza nne bila kusita.

Julai iliyopita liliandika nyuzi 7 nami nikahesabu 3. Niliwasha majiko mawili mapema, nikaziba upande wa upepo kwa magunia, na kati ya vifaranga 300 nilipoteza wawili.