Raspberry Pi 4 na RetroPie: tathmini baada ya miezi minane ya kurekebisha gemu za zamani

Kwa miezi minane sasa nimekuwa nikitumia Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya ubao mmoja yenye memori ya gigabaiti 4, ikiendesha RetroPie toleo la 4.8, yaani programu za kuchezea gemu za konsoli za zamani, sebuleni kwangu Tanga. Hukumu yangu naitanguliza ili asiye na muda asihangaike: kwa konsoli za enzi ya Nintendo ya kwanza, Mega Drive na Super Nintendo, ubao huu unafanya kazi vizuri kuliko nilivyotarajia, kwa PlayStation ya kwanza ni mzuri mno, kwa Nintendo 64 inategemea gemu yenyewe. Lakini hiyo ni hukumu ya ubao uliokwisha kurekebishwa. Ubao huohuo, usiku wa kwanza nilipouwasha, ulinikatisha tamaa kabisa: sauti ilikwaruza, picha ilishikashika, na mhusika aliruka wakati kidole changu kilikwisha kuondoka kwenye kitufe. Sikununua ubao wenye nguvu zaidi ili kuondoa kasoro hizo, na kwa sababu hiyo naamini kwamba anayeupima kama ulivyotoka kwenye boksi hautendei haki.

Raspberry Pi 4 ilitoka Juni 2019 ikiwa na kichakataji cha Broadcom BCM2711, chenye viini vinne vya Cortex-A72 vinavyokwenda kwa gigahezi 1.5. RetroPie ni mkusanyiko wa programu za bure: EmulationStation inaonyesha orodha ya gemu, RetroArch inasimamia picha, sauti na pedi, na chini yake zimo emuleta zenyewe, yaani programu zinazojifanya kuwa mashine nyingine. Mtu anaweza kuuliza kwa nini kichakataji cha gigahezi 1.5 kishindwe hata kidogo na Super Nintendo, ambayo kichakataji chake hakikuvuka megahezi 3.58. Jibu ni kwamba emuleta haiigi kichakataji peke yake. Inaiga pia chipu za picha, chipu ya sauti na namna zote zinavyosubiriana, kisha inatakiwa kumaliza kila fremu, yaani picha moja ya mchezo, ndani ya milisekunde 16.7, kwa kuwa fremu ni 60 kwa sekunde. Ikitumia milisekunde 17 badala yake, sikio linasikia mkwaruzo kabla jicho halijaona chochote.

Nilianza na umeme, na ningemshauri kila mtu aanzie hapo kabla hajagusa faili lolote la mipangilio. Ubao huu unahitaji volti 5 na ampea 3. Nilikuwa nimeuchomeka kwenye chaja ya simu niliyouziwa dukani kwa maneno kwamba ni ya wati 18 na inatosha kwa kila kitu. Wati hizo ni za kweli, ila hupatikana pale tu simu inapoiomba chaja ipandishe umeme hadi volti 9. Raspberry Pi haiombi, hivyo inabaki kwenye volti 5, ambako chaja nyingi za namna hiyo hazifiki ampea 3. Ukiongeza waya mrefu na mwembamba, umeme unaoufikia ubao hushuka zaidi, na ukipita chini ya volti 4.63 hivi, alama ndogo ya radi hutokea pembeni mwa skrini na kasi ya kichakataji hupunguzwa. Niliiona alama hiyo usiku wa kwanza nikadhani ni pambo. Amri ya kuhakikisha ni `vcgencmd get_throttled`: ikijibu `0x0`, umeme na joto havina tatizo, yangu ilijibu `0x50005`, maana yake umeme ulikuwa hautoshi saa ileile na kasi ilikuwa imeshapunguzwa. Nilipobadilisha chaja na kuweka ile rasmi ya volti 5.1 na ampea 3, yenye waya wake usiochomoka, nusu ya malalamiko yangu iliisha bila kubadilisha neno moja katika mipangilio.

Nusu ya iliyobaki ilikuwa joto. Ubao huu hujipunguzia kasi unapofika nyuzi 80 za Selsiasi, na katika chumba cha pwani mwezi Januari, ukiwa ndani ya kasha la plastiki lisilo na tundu, unafika huko bila shida. Ninachokitumia sasa ni kasha la alumini linalogusana na kichakataji moja kwa moja na kugeuka kuwa kipoza joto lenyewe. Halina feni, halipigi kelele, na tangu nilifunge sijaona nyuzi 70 zikivukwa hata baada ya saa mbili za kucheza. Feni ndogo inapooza zaidi, lakini hewa yetu ina vumbi na chumvi, nami nisingependa kitu kinachozunguka kiwe tegemeo langu.

Wengi hukimbilia kuzidisha kasi ya kichakataji kwa kuandika `over_voltage=6` na `arm_freq=2000` ndani ya faili la `config.txt`. Nimejaribu, inafanya kazi, na ubao haukuzima hata mara moja. Kwa Mega Drive na Super Nintendo, hata hivyo, sikuona faida yoyote, maana fremu 60 zilikuwa zinatimia tayari. Anayezidisha kasi kabla ya kumaliza habari ya umeme na joto anaongeza ukubwa wa tatizo lilelile. Kilichonisaidia zaidi ni jambo dogo: katika mipangilio ya RetroPie inayohusu uanzishaji wa gemu, nilikielekeza kichakataji kibaki kwenye kasi yake ya juu muda wote gemu inapochezwa, badala ya kupanda na kushuka kulingana na kazi.

Kuhusu picha, nina maoni ambayo huenda yasiwapendeze wenye televisheni kubwa. Niliweka michezo yote itoke kwa ukubwa wa 1280 kwa 720 badala ya 1920 kwa 1080. Ukubwa wa pili una nukta mara mbili na robo ya ule wa kwanza, na kila nukta ni kazi kwa chipu ya picha, hasa ukiweka kichujio cha kuiga televisheni za zamani za kioo kama zfast-crt. Zaidi ya hayo, Nintendo ya kwanza huchora mistari 240 kwenda chini, na 240 mara tatu ni 720 kamili: kila mstari wa zamani unapata mistari mitatu ya sasa, hakuna unaonenepa wala unaokonda. Katika 1080 hesabu hiyo haikubali. Mara nne ni 960, na ukingo mweusi unabaki juu na chini. Televisheni italazimika kuipanua picha yenyewe na ukali utapungua kidogo, lakini mtu aliyekaa umbali wa mita mbili na nusu haoni upungufu huo.

Sasa nifike kwenye ucheleweshaji, ambao kwangu ndio moyo wa jambo lote. Mpwa wangu wa miaka kumi na mmoja, ambaye hajawahi kushika konsoli ya kaseti maishani mwake, alicheza dakika tatu akaniambia, "Mjomba, pedi inachelewa." Alikuwa sahihi. Kaseti za zamani zilichezwa kwenye televisheni ambazo zilichora picha ishara ilipoingia tu. Televisheni za sasa hupokea picha, huisafisha, huilainisha, kisha ndipo huionyesha. Hatua ya kwanza haina gharama: ingia kwenye menyu ya televisheni uchague hali ya gemu. Kwenye yangu tofauti ilikuwa kubwa kuliko marekebisho mengine yote ya programu yakijumlishwa.

Hatua ya pili ni katika RetroArch. Nilizima `video_threaded`, inayochora picha pembeni ya kazi ya emuleta, nikaiweka `video_max_swapchain_images`, idadi ya picha zinazosubiri foleni, iwe 2, kisha nikawasha kipengele kinachoitwa Run-Ahead, kilichoingia RetroArch mwaka 2018. Kinavyofanya kazi ni ustadi wa kustaajabisha: gemu nyingi za zamani zenyewe husubiri fremu moja au mbili kabla ya kuitikia kitufe, hivyo emuleta huhifadhi hali ya mchezo, huukimbiza mbele fremu hizo kisirisiri, huonyesha matokeo, kisha hurudi ilipokuwa. Gharama yake ni kichakataji kufanya kazi ya fremu zaidi ya moja katika muda wa fremu moja, na hapa ndipo chaja nzuri na kasha la alumini vinapolipa. Kujua idadi ya fremu za kuondoa, unasimamisha gemu kwa herufi P ya kibodi, unashikilia kitufe cha kuruka, kisha unasogeza fremu mojamoja kwa herufi K. Mhusika akianza kuruka katika fremu ya tatu, fremu mbili zinaweza kuondolewa. Usizidishe, kwa sababu ukizidisha, mwanzo wa kila mruko unakatika na picha inaonekana kushtuka. Katika Nintendo ya kwanza na Mega Drive ubao huu unaimudu fremu moja, na mara nyingi mbili, bila jasho. Katika Super Nintendo naishia moja, na kwa gemu zilizokuwa na chipu ya Super FX ndani ya kaseti yenyewe naizima kabisa.

Mipangilio hii usiiandike kwa konsoli zote kwa pamoja. Kila konsoli ina faili lake, kwa mfano `/opt/retropie/configs/snes/retroarch.cfg`, na ndani yake kuna mstari unaoanza na `#include` unaovuta mipangilio ya jumla. Unachotaka kikubaliwe lazima kikae juu ya mstari huo. Nilipoteza jioni nzima nikiandika chini yake na kushangaa kwa nini hakuna kinachobadilika. Maelezo yaliyoandikwa ndani ya faili yanalisema jambo hili, ila ni rahisi kuyapita bila kuyasoma.

Wenye diski na kaseti za PAL, mfumo wa televisheni uliotumika Ulaya na kwetu pia, wanahitaji uangalifu wa ziada. Gemu hizo zilitengenezwa kwa picha 50 kwa sekunde, na ukizionyesha kwenye skrini iliyowekwa 60, baadhi ya fremu hurudiwa na mwendo wa kamera unashtuka kila baada ya muda mfupi. RetroPie inaruhusu kuchagua ukubwa na kasi ya skrini kwa gemu mojamoja: bonyeza kitufe chochote wakati gemu inaanza, kisha chagua 720 kwa 50. Mshtuko unaisha papo hapo. Gemu za Mega Drive za Ulaya ambazo watengenezaji hawakuzirekebisha zitaendelea kwenda polepole kwa takriban asilimia 17, lakini hilo lilikuwa ndani ya kaseti tangu zamani.

Umeme ukikatika ghafla, ambalo kwetu si jambo la kufikirika tu, hatari ni mbili: kadi ya SD kuharibika ikiwa ilikuwa inaandikwa, na maendeleo ya mchezo kupotea kwa sababu RetroArch, isipoagizwa vingine, huandika kumbukumbu ya kaseti unapotoka kwenye gemu. Mstari `autosave_interval = 60` huifanya iandike kila dakika. Baada ya hapo nilitengeneza nakala ya kadi nzima kwenye kompyuta, na kila mara ninazima kupitia menyu, kwa kuwa ubao wenyewe hauna swichi.

PlayStation ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote. Emuleta ya PCSX ReARMed iliandikwa mahususi kwa vichakataji vya aina ya ARM. Inatafsiri maagizo ya mashine ya zamani kuwa maagizo ya ARM mchezo ukiendelea, badala ya kuyaiga moja baada ya jingine, na ndiyo maana ubao huu unabaki na nguvu za kuongeza hata ukali wa picha. Ili iendeshe gemu nyingi vizuri inahitaji faili la BIOS, programu ya kuanzishia konsoli yenyewe, ambalo RetroPie haiji nalo, kwa kuwa ni mali ya Sony. Hapa niseme wazi kuhusu zile kadi zinazouzwa zikiwa tayari na maelfu ya gemu: sizipendekezi. Mbali na hakimiliki ya gemu zenyewe, emuleta kama Snes9x na Genesis Plus GX zina leseni zinazokataza kuuzwa, na anayenunua kadi hiyo analipia mipangilio ya mtu mwingine iliyopangwa kwa televisheni nyingine. Diski zangu nilizinakili mwenyewe kwa kisomadiski cha kompyuta.

Nintendo 64 bado ni bahati nasibu. Chipu yake ya picha iliendeshwa na maagizo ambayo baadhi ya watengenezaji waliyaandika upya kwa gemu zao, hivyo programu-jalizi inayoionyesha gemu moja kikamilifu huiharibu nyingine. Hapa ndipo kuzidisha kasi hadi gigahezi 2 kuliponisaidia kweli, na bado kuna gemu ninazobadilishia emuleta mojamoja. Anayeitaka konsoli hiyo kuliko nyingine afikirie Raspberry Pi 5 ya Oktoba 2023, yenye Cortex-A76 za gigahezi 2.4, akijua kwamba RetroPie 4.8 ni ya Machi 2022, hivyo atalazimika kuisakinisha juu ya Raspberry Pi OS Lite, na kwamba chaja inayopendekezwa kwa ubao huo ni ya ampea 5 kwa volti 5, ambayo ni ngumu zaidi kuipata madukani kuliko ile iliyonisumbua mimi.