Kahawa ikipoa umekwisha: nimesoma vitabu vinne vya Kawaguchi, haya ndo maoni yangu

Niseme mapema, mi si mtu wa stori za kusafiri kwenye wakati. Zile za mashine na maabara, jamaa anarudi nyuma kumzuia fulani asizaliwe, mara yuko yeye wawili, huwa nafika peji ya arobaini nafunga nalala. Kwa hiyo siku yule mzee wa vitabu vya mtumba pale Posta aliponisogezea kitabu chenye kava la viti na paka akaniambia "chukua hiki mwanangu, cha Mjapani, kinaliza watu", nilimwona mfanyabiashara tu. Alianzia elfu 25, tukabishana weee mpaka 15, nikaondoka nacho nikijua nimepigwa. Paka mwenyewe ndani sijamwona mpaka leo, ila machozi yalikuwepo, hapo mzee hakudanganya.

Kitabu ni Before the Coffee Gets Cold cha Toshikazu Kawaguchi. Kijapani kilitoka 2015, Kiingereza 2019 kwa tafsiri ya Geoffrey Trousselot, na hicho cha Kiingereza ndo nilichosoma maana Kijapani changu kinaishia kwenye majina ya magari. Vikafuata vingine, ni mfululizo, mimi mpaka sasa nimemaliza vinne na vitatu kati ya hivyo nimevisomea kwenye simu usiku.

Mambo yote yanatokea kwenye mkahawa mmoja mdogo Tokyo, uko uchochoroni, unashuka ngazi kwenda chini ya ardhi, hamna dirisha. Unaitwa Funiculi Funicula. Kitabu kinasema ulifunguliwa 1874, na wimbo wenye jina hilo ni wa Naples wa mwaka 1880, kwa hiyo ama walibadilisha jina katikati ama ndo kusafiri kwenye wakati kwenyewe huko, mi niliishia kucheka. Ndani kuna saa kubwa za ukutani, zipo tatu na kila moja inasema lake, ya katikati tu ndo ya kuaminika. Kiyoyozi hakuna lakini kiangazi kunapoa, na hakuna anayejua kwanini.

Sasa kuna kiti kimoja. Ukikaa hapo ukamiminiwa kahawa unaenda siku unayoitaka. Ila masharti yake jamani, utafikiri umeenda kwa mganga. Unaweza kukutana tu na mtu aliyewahi kuingia kwenye mkahawa huohuo, kama hajawahi kukanyaga pale basi sahau. Huko ulikoenda huruhusiwi kunyanyuka, ukiinua makalio tu umerudishwa. Kahawa lazima uimalize kabla haijapoa, ikipoa umekwisha, unabaki mzimu. Na kiti chenyewe kina mwenyewe, mwanamke wa gauni jeupe ambaye ni mzimu tayari, kutwa nzima anasoma riwaya kimya, anaenda chooni mara moja kwa siku na hapo ndo unapata nafasi, ukijifanya mjanja kumsukuma anakulaani. Halafu sharti kubwa kuliko yote, chochote utakachofanya huko nyuma, leo haibadiliki. Aliyekufa amekufa, aliyeondoka ameondoka.

Mtu wa kawaida hapo anauliza, sasa naenda kufanya nini? Na kitabu kizima kimekaa juu ya hilo swali. Nilipoliona hilo sharti la mwisho ndo nikajua hiki hakitanichosha kama vile vya mashine, kwa sababu hamna fundi wa kurekebisha dunia humu, kuna watu wawili mezani na kikombe kinachopoa.

Halafu ukijua mwandishi ametokea wapi masharti yote yanaeleweka. Kawaguchi ni mtu wa jukwaani, hii stori ilianza kama mchezo wa kuigiza, na ulishinda tuzo kuu kwenye tamasha la maigizo la Suginami huko Tokyo. Sasa angalia, kwanini hutoki kitini? Kwa sababu jukwaa ni moja. Kwanini lazima mtu awe amewahi kuingia mkahawani? Kwa sababu huwezi kubadilisha mandhari kila dakika. Yule mzimu kwenda chooni ni mwigizaji anatoka upande wa kulia basi. Mimi hii haikunipunguzia utamu, ilinizidishia kabisa, kwa sababu ule ufinyu ndo unawabana watu wasikwepe. Maisha ya kawaida ukizidiwa na maongezi unasema ngoja nipokee simu. Pale ukinyanyuka umepoteza kila kitu.

Kitabu cha kwanza kina stori nne. Ya kwanza ya Fumiko, dada wa IT, mchumba wake Goro kaondoka kwenda Marekani kikazi na walivyoagana ilikuwa vurugu, anataka arudi ile siku. Ni nzuri ila ni kama ya kukufundisha masharti, ukiisoma ukaona ya kawaida usikate tamaa, vumilia ufike ya pili.

Ya pili sasa. Kuna mzee anaitwa Fusagi, mtunza bustani, Alzheimer's, ule ugonjwa wa kusahau, imemuanza mapema, kila siku anakuja pale na jarida lake la safari. Mke wake anaitwa Kohtake, ni nesi, na yeye mume wake ameshamsahau, anamwona kama mteja mwingine tu. Yule mama akaamua asimtese, akarudia jina lake la usichana, mkahawa mzima wanamwita Kohtake ili mzee asichanganyikiwe. Kumbe Fusagi anakaa pale akisubiri kile kiti arudi nyuma ampe mke wake barua aliyowahi kumwandikia, na hilo anamwambia mke wake huyohuyo, usoni, kama anavyomwambia mtu baki. Nilivyofika hapo nikaacha kusoma kidogo. Basi mama ndo anakaa kile kiti, anaenda yeye kuipokea barua. Iliyoandikwa sitaimaliza yote nisiwaharibie uhondo, ila kwa kifupi Fusagi alishajua anaumwa na alishajua mke wake atafanya nini, anamwambia unesi auache kazini, nyumbani abaki mke, na ikimshinda kuwa mke basi amuache. Hataki nesi.

Sasa mi nina babu yangu mzaa mama, marehemu. Miaka yake miwili ya mwisho alikuwa ananiita Shabani. Shabani ni mdogo wake, alifariki mi sijazaliwa. Mwanzoni nilikuwa namsahihisha, babu ni mimi mjukuu wako, akawa anaona aibu, anavua kofia anaikunja anaivaa tena. Baadaye nikaona isiwe shida nikawa naitika. Ananiuliza "Shabani, nazi zimeshaanguliwa?" namwambia zimeshaanguliwa kaka, na shamba lenyewe lilishauzwa siku nyingi. Nyumbani wote walinisifia, wanasema huyu kijana ana subira. Mpaka leo sijui kama nilimtendea wema au nilimnyang'anya mjukuu. Niliposoma barua ya Fusagi nilifunga kitabu nikaenda kufua, na nguo chafu hazikuwepo.

Hiyo stori peke yake nilikuwa tayari kuilipia ile elfu 25 ya mwanzo.

Ya tatu ni ya Hirai, mama mwenye baa jirani, mcheshi, amekimbia kwao Sendai ambako familia ina nyumba ya wageni na mdogo wake Kumi ndo kabebeshwa mzigo. Kila Kumi akija Tokyo kumbembeleza arudi, Hirai anajificha. Siku moja akajificha nyuma ya kaunta mpaka mdogo mtu akaandika barua akaondoka, na njiani akafa kwa ajali. Barua ilikuwa imeshaenda kwenye ndoo ya taka. Hii ni ya kuumiza kwa namna nyingine maana Hirai anaenda kumuona mtu ambaye bado yuko hai na anatabasamu na hajui.

Ya nne ya Kei, mke wa mwenye mkahawa, moyo wake mbovu, ana mimba, badala ya kwenda nyuma anaenda mbele amuone mtoto. Nililia hapa pia lakini kwa hasira kidogo. Naona Kawaguchi ananikamua, na kuna kitu sikipendi, wanawake humu ndo wanaojipindapinda kila mara. Kohtake ajirekebishe, Kei ajitoe mhanga, Fumiko asubiri. Wanaume wanaandika barua. Kei anaumwa vile na hakuna anayekaa naye chini kumuuliza kwa dhati wewe unataka kuishi? Linapitwa haraka sana hilo, na kwa mwandishi anayejua kukaa na maumivu ya mtu peji thelathini, hiyo si bahati mbaya.

Malalamiko mengine ni ya uandishi wenyewe. Masharti yanarudiwa kila stori, kila stori! Kama konda anatangaza vituo kwa abiria waliopanda nao gari moja tangu asubuhi. Na kila anayeingia mlangoni unaelezwa kavaa shati rangi gani na ndala gani, hapo naona tena yule mtu wa jukwaani anamwelekeza mshona nguo. Sentensi ni fupi, kavu, kama unataka lugha ya kuimba utakuwa na njaa. Mi nilizoea kufikia stori ya tatu.

Cha pili, Tales from the Cafe, ndo bora kwangu kuliko hata cha kwanza. Kuna Gohtaro, rafiki yake Shuichi alifariki na mkewe kwenye ajali miaka 22 nyuma wakaacha mtoto mchanga wa kike, Gohtaro akamlea kama wake na binti hajui, sasa binti anaolewa na ukweli lazima utoke. Jamaa anarudi nyuma na kamera ya video amrekodi baba mzazi akitoa neno la harusi. Hebu fikiria hayo maongezi, unamwambiaje rafiki yako mzima wa afya atoe salamu kwa harusi ya mtoto wa mwaka mmoja bila yeye kujua kwanini hatakuwepo? Pia humo ndo utajua yule mwanamke wa gauni jeupe ni nani na kwanini Kazu, msichana anayemimina kahawa, ana uso kama maji ya mtungini. Sisemi. Hapo ndo utaona kuwa hata wenye mkahawa wana msiba wao, na umekaa pale pale wanapopanguza meza kila siku.

Cha tatu wamehamia Hakodate, Hokkaido, mkahawa mwingine unaitwa Donna Donna, kuna mtoto wa miaka 7 ndo anamimina, na kuna kitabu cha maswali 100 ya kama dunia ingeisha kesho. Kizuri cha kupitisha jioni ila mishono imeanza kuonekana, ukitambulishwa mtu unajua peji ngapi mbele atakaa kitini. Cha nne wamerudi Tokyo, kuna ya mbwa, wenye mbwa watalia, mi nilikuwa nimeshachoka. Sio kibaya, ni mimi nilivinywa mfululizo kama soda. Viachanishe, soma kimoja, kaa miezi.

Kwa hiyo nyota nne cha kwanza, nne na nusu cha pili, tatu, halafu mbili na nusu. Ukiwa na hela ya viwili nunua viwili vya mwanzo utakuwa umekula mnofu. Na kama umefiwa juzijuzi, mi ningesema subiri kidogo, watu wanaviita vitabu vya kupoza moyo lakini kile cha kwanza kinafukua kabla hakijapoza.

Jambo la mwisho, hiyo kahawa. Buni za pale mkahawani ni mocha za Ethiopia, zimetoka hukuhuku Afrika Mashariki, na kikombe chao ni cha wastani. Sisi na vile vikombe vyetu vidogo vya kijiweni tungekuwa na hali mbaya, unamaliza shikamoo imeshapoa na kashata hujagusa. Babu sharti la kufika kijiweni angelitimiza bila shida, alikuwa hapo kila jioni baada ya alasiri, benchi lake lilijulikana.

Jumapili iliyopita nikapima. Kikombe cha chai cha kawaida, kahawa ya kuchemsha, feni nimezima maana feni ingekuwa kujiibia, nikaweka saa ya simu. Dakika 17 mpaka inakuwa ya kunyweka kama maji. Nikapiga hesabu, salamu za babu peke yake, za nyumbani, mama hajambo, kuku wanaendeleaje, mvua huko mjini, hizo dakika tano zimekwenda, naye huwezi kumkata. Zinabaki 12. Na hata ningeichagua siku ya zamani kabisa, kabla hajaanza kusahau, akigeuka pale benchini akaniita Shabani nadhani ningeitika.