Bima ya yadi baada ya mafuriko: walilipa, ila fomu yangu mwenyewe ndiyo iliyoniponza

Nianze na swali ambalo wenye yadi za magari wenzangu wananipigia simu kuuliza, kama bima ililipa kweli: ndiyo, kampuni ililipa. Magari tisa yalikula maji yadini kwangu Mikocheni masika ya 2024, nikalipwa ya matano. Jina la kampuni sitalitaja. Nilichokipata ni zaidi ya nilichokiogopa, na kidogo kuliko nilichokihesabu kichwani asubuhi ile.

Mlinzi alinipigia saa kumi alfajiri. "Bosi, maji yamefika kwenye ringi." Mtaro ulio nyuma ya ukuta ulikuwa umejaa chupa na mifuko, mvua haikuwa na pa kwenda, ikaja kwetu. Nilipofika saa moja, nimekunja suruali na viatu mkononi, maji yalikuwa yamepanda hadi kwenye siti za IST na Vitz. Harrier na Forester zilizokuwa juu kidogo karibu na geti ziliponea kwenye kapeti.

Kijana wangu alikuwa ameshawasha Passo moja ili aisogeze. Iliunguruma mara moja, ikagonga, ikazima. Gari likishazama usiliwashe, hata ufunguo usiuzungushe. Maji yakiingia kwenye silinda hayakubali kubanwa kama hewa, kwa hiyo kinachopinda ni koneksheni rodi. Tulichomoa nguzo za betri kwenye magari yote, tukapiga picha maji yakiwa bado yamesimama, namba za gari zikionekana, ndipo nikampigia wakala wetu wa bima. Huyo dada namsifu bila kubakiza. Saa tatu alishanitumia fomu ya madai na kunionya nisioshe wala nisikaushe kitu kabla ya mkadiriaji wa hasara kufika.

Mkadiriaji alikuja siku ya nne. Siku ya nne, Dar es Salaam, madirisha yamefungwa! Ukifungua mlango harufu inakupiga kama gunia la dagaa lililolowa. Ila kazi anaijua. Alivuta mkanda wa siti mpaka mwisho wake, akanionyesha mstari wa tope kwenye kitambaa, mahali ambapo mwosha magari hafiki. Akafunua kapeti, akachomoa kijiti cha oili, na kwenye Vitz moja kikatoka na rangi ya chai ya maziwa, yaani maji yameingia kwenye oili. Kila gari alilichora chaki mlangoni pale maji yalipoishia. Siku hizi na mimi kila gari ninalonunua mkononi mwa mtu navuta mkanda kwanza.

Sasa yale manne yasiyolipwa. Mawili yalikuwa yametoka bandarini wiki mbili kabla, na orodha niliyoipeleka kwenye bima ilikuwa ya mwezi uliopita. Hayamo, basi. Moja madhara yake hayakufika hata ile sehemu ya hasara ninayotakiwa kubeba mwenyewe. La nne ni Noah ya mteja aliyeniachia nimuuzie kwa kamisheni. Mkataba wangu ulisema "magari ya mwenye bima", na ile haikuwa yangu. Kufunika magari ya watu yanayolala kwako kuna kipengele chake, na kina ada yake. Wakala alishanitajia kabla ya mafuriko, nikamwambia aachane nacho. Mwenye Noah naye alikuwa na bima ndogo tu, ambayo inamtazama yule uliyemgonga, gari lako haina habari nalo.

Hata hayo matano, nilipoona hesabu nilikaa chini. Kwenye fomu nilikuwa nimeandika thamani kwa bei ya kununulia Japani pamoja na meli. Ushuru, kodi na gharama za bandari sikuweka, ili ada ishuke. Nilijiona mjanja. IST niliyoiandika milioni 7 ilikuwa inauzwa yadini milioni 14. Matengenezo yake, yaani waya, siti, stata na kompyuta ya gari, yakaja milioni 4. Wakasema: umekata bima ya nusu ya thamani, tunalipa nusu ya hasara. Milioni 2, toa laki 5 yangu ya kuchangia, nikapokea milioni moja na nusu. Kanuni hiyo imeandikwa kwenye mkataba, ukurasa ambao sikuwahi kuufungua. Passo nayo wakalipa siti na umeme, injini wakaikataa. Walisema injini haikuuawa na mafuriko, iliuawa na aliyeiwasha. Nilibisha sana. Fundi wangu hakunisaidia, alikaa kimya akiangalia viatu vyake.

Ninapowalaumu kweli ni muda. Wiki kumi na moja! Kila nikipiga simu, faili liko kwa mtu mwingine. Nilipoandika barua kwamba nakwenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, nikajibiwa baada ya siku mbili, na hundi ikafuata mwezi huohuo. Wangeweza kufanya hivyo tangu mwanzo.

Jambo jingine. Vitz ile ya oili ya maziwa waliihesabu imekufa, wakaniuliza kama nataka kununua mabaki. Sikutaka. Lakini wapo waliokuja kuiulizia kabla hata haijavutwa kutoka yadini, wakiuliza kwa sauti ya chini kama kadi yake ipo safi. Sijui sasa hivi inaendeshwa na nani.

Nyota tatu kati ya tano. Mbili ni za wakala na mkadiriaji, moja ni kwa sababu pesa hatimaye iliingia. Nimekata tena kwao, safari hii kwa bei kamili ya yadini pamoja na kile kipengele cha magari ya watu. Ada imepanda karibu maradufu na inauma. Orodha ya magari naituma kila Jumatatu asubuhi kwa WhatsApp, hata kama hakuna lililoingia. Mwenye Noah tumekubaliana nimlipe kidogo kidogo. Anakuja Ijumaa baada ya swala, ananisalimia vizuri tu, anakaa kwenye benchi akisubiri.