TAHADHARI: Muuzaji wa muziki wa magari anayezunguka Mtwara na Lindi. Kagua waya wako leo

Wakuu, na hasa ndugu zangu wa Mtwara mjini, Mikindani, Lindi na Masasi, naomba mnisome mpaka mwisho. Kuna jamaa anazunguka huku kwetu anauza na kufunga muziki wa magari: redio, amplifaya, sabwufa, spika za milango. Hana duka. Mimi amenipiga shilingi 780,000, na ingekuwa ni pesa tu ningenyamaza nikajipanga upya. Ninaandika kwa sababu ya waya aliouacha ndani ya gari langu. Ulianza kuyeyuka tukikaribia Mingoyo, mama yangu amekaa mbele na watoto wawili wa dada yangu wako nyuma.

Gari lenyewe ni Toyota Celica ya 2001, ile ya milango miwili. Hapa mjini ziko za kuhesabu, na mwenye nayo anajua ilivyo kazi kupata hata kipande cha plastiki cha dashibodi yake. Shida ya redio yake ni ile ile ya magari mengi yaliyotoka Japani: FM yao ilianzia 76 ikaishia 90, sisi tunatumia 87.5 hadi 108, kwa hiyo stesheni nyingi huzipati kabisa. Spika za milangoni nazo zilikuwa zimechoka. Zaidi ya miaka 20, halafu na upepo wetu huu wa chumvi, karatasi zilianza kuchanika zenyewe. Nilichotaka ni kidogo: redio mpya, spika nne, amplifaya ya kiasi na sabwufa moja ya inchi 10 isiyomaliza buti. Muziki safi wa kusikiliza safarini, si wa kutikisa mtaa.

Jamaa nilimwona kwenye grupu la WhatsApp la wauza na wanunua magari. Ilikuwa Oktoba, na baadaye nimeelewa kwa nini Oktoba. Minada ya korosho ikianza, pesa inaingia mifukoni mwa watu kuanzia Tandahimba mpaka Nachingwea, na yeye anakuja nayo. Maduka mawili niliyouliza yalinipa bei inayokaribia milioni moja na laki nne kwa kila kitu pamoja na ufundi. Yeye akasema 780,000, mzigo unatoka Kariakoo kwa basi, nusu nitangulize. Namba aliyonipa ilikuja na jina la mwanamke. Nikamuuliza, akajibu ni mke wake. Nikatuma.

Mzigo ulifika kweli. Hapo ndipo anapowashika watu, kwa sababu wengi tunadhani tapeli ni yule anayechukua pesa akapotea. Huyu analeta vitu, maboksi yana chapa kubwa inayojulikana, na anafunga mwenyewe nyumbani kwako, jioni. Akimaliza anapiga wimbo mmoja wenye besi nzito huku ekwalaiza ameisukuma juu. Gari linatetemeka, majirani wanatoka, unafurahi. Maboksi anaondoka nayo akisema ni ya kurudisha dukani kwa ajili ya waranti. Risiti atakuletea. Redio yangu ya asili na spika zote nne alizichukua kwa shilingi 50,000 akikata kwenye bei, na leo hii ningetoa mara nne ya hiyo kuzirudisha.

Siku ya tisa tukaondoka kwenda Lindi kwenye msiba. Tulipokaribia Mingoyo mama akasema anasikia harufu ya plastiki. Nikadhani ni breki za lori lililokuwa mbele. Dakika haikuisha, taa za dashibodi zikafifia na moshi ukaanza kutoka chini ya dashibodi upande wa abiria, kwenye miguu ya mama. Nikasimama, nikawatoa watu, nikafungua boneti. Dereva wa Fuso alisimama nyuma yetu akaja mbio na spana namba 10, tukalegeza terminali ya hasi ya betri tukaivua. Waya ulikuwa umeyeyuka urefu wa mkono mpaka kiwiko na zulia limeanza kuwa jeusi. Dereva yule sikumuuliza hata jina. Popote alipo, Mungu amlipe.

Gari lilirudi Mtwara likivutwa. Fundi umeme wangu, mzee ambaye ningepaswa kumpelekea kazi hii tangu mwanzo, alilivua lote mbele yangu. Naeleza aliyonionyesha, maana kila mmoja wenu anaweza kuyaona mwenyewe bila kuwa fundi.

La kwanza ni fyuzi ya waya mkubwa, ule unaotoka kwenye betri kupeleka umeme kwenye amplifaya. Jamaa aliiweka, lakini ndani ya buti, karibu na amplifaya. Mzee akaniambia, "Mwanangu, fyuzi hii inalinda nini? Waya wote uliopita kwenye gari hauna mlinzi." Fyuzi ya waya mkuu inatakiwa kukaa karibu na betri, isizidi kama sentimita 45, ili popote waya utakapogusa bodi ya gari, fyuzi ikatike kabla waya haujashika moto. Wa kwangu ulipitishwa kwenye tundu la chuma kati ya injini na dashibodi bila mpira. Barabara ikautikisa siku tisa, ukasagika, ukagusa chuma. Betri ikamwaga umeme wake wote pale, na hakuna kilichokuwepo cha kuuzuia.

Waya wenyewe nao ni wa uongo. Juu umeandikwa geji 4 (geji ni unene wa waya, namba ikipanda waya unakuwa mwembamba), ambayo ni kama milimita za mraba 21 za shaba. Tulipouchuna, plastiki ilikuwa nene kuliko waya, na ndani hapakufika hata geji 8, yaani kama milimita za mraba 8. Halafu si shaba. Mzee alikwangua uzi mmoja kwa wembe, rangi nyekundu ikatoka, chini ukawa mweupe: ni alumini iliyopakwa shaba. Alumini inapitisha umeme kwa kama asilimia 60 tu ya shaba, kwa hiyo waya mwembamba wa alumini unapata moto mapema zaidi. Kwetu pwani ni mbaya mara mbili, kwa sababu unyevu wa chumvi ukiingia kwenye maungio alumini inaliwa, inafanya unga mweupe, maungio yanazidi kupata joto. Ukienda kununua waya, beba wembe. Muuzaji asiyetaka ukwangue ncha ya waya, muache na waya wake.

Sasa amplifaya. Juu imeandikwa wati 4000 kwa herufi kubwa. Hesabu yake haihitaji shule. Angalia fyuzi iliyochomekwa kwenye amplifaya yenyewe, ya kwangu ilikuwa moja ya ampea 25. Gari likiwaka betri inasoma volti 14 hivi. Zidisha 25 kwa 14, unapata wati 350. Huo ndio umeme wote ambao amplifaya inaweza kuendelea kuuvuta bila kukata fyuzi yake, na sehemu yake kubwa inapotea kuwa joto. Ili itoe wati 4000 ingehitaji kuvuta zaidi ya ampea 285, wakati alteneta ya gari dogo kama hili hutoa kama ampea 80 hadi 100. Haiwezekani. Mzee aliipima na multimita kwenye spika za omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), njia zote nne zikipiga: ilifika volti 14 sauti ikaanza kupasuka. Kumi na nne mara kumi na nne, gawa kwa nne, ni wati 49 kila njia. Jumla hazifiki 200. Amplifaya ya wati 200 halisi ingenitosha kabisa kwenye Celica, ningeinunua kwa furaha kama ingeuzwa kwa jina lake na bei yake. Kwa hiyo kwenye boksi tafuta neno RMS, hiyo ndiyo nguvu ya kudumu. Namba kubwa iliyoandikwa MAX haikuambii kitu. Tulipofungua kifuniko, bodi ya saketi ya ndani ilijaza chini ya nusu ya kasha la chuma, na stika ya chapa ilibanduka kwa ukucha.

Spika za milango sitazisema sana. Mbili zilisoma omu 3.4, ambayo ni sawa kwa spika ya omu 4. Mbili zilisoma 1.8, ukinzani mdogo unaovuta umeme mwingi, ndiyo maana amplifaya ilikuwa inachemka. Zote ziliuzwa kama seti moja.

Kilichoniuma zaidi ya vyote ni soketi. Nyuma ya redio za Toyota za umri huu kuna soketi mbili nyeupe, moja ya pini 10 na nyingine ya pini 6. Kuna waya wa kati unaouzwa kwa bei ndogo sana, unachomeka upande mmoja kwenye soketi hizo na upande wa pili kwenye redio mpya, bila kukata hata uzi mmoja. Jamaa alizikata zote mbili. Akaunganisha kwa kusokota na selotepu, na alipokosa urefu akaunga na waya wa spika. Gari limemaliza miaka zaidi ya 20 na nyaya zake za kiwandani zikiwa nzima, likaharibiwa jioni moja. Wenye Celica, Altezza, Silvia na magari mengine ya zamani ya aina hii, fundi yeyote akishika plaizi kukata soketi, msimamishe hapo hapo.

Nilipompigia alisema alteneta yangu imechoka, gari ni la zamani, nimuongeze 250,000 aniletee kapasita, kifaa cha kuhifadhi umeme kidogo karibu na amplifaya. Kapasita haimalizi tatizo la waya usio na fyuzi. Nilipomwambia hivyo akanizuia kwenye simu. Nikaandika kwenye grupu, nikatolewa kwenye grupu. Baadaye watu wawili wakanitafuta: dada mmoja wa Lindi ambaye betri yake imekufa mara mbili ndani ya mwezi, na mwalimu wa Masasi ambaye ametuma nusu na bado anasubiri mzigo. Maelezo yao ni yale yale. Namba ya kutumia pesa ina jina la mtu mwingine, maboksi anaondoka nayo, risiti haiji, na anakuja jioni tu.

Nimefungua taarifa polisi, RB (namba ya taarifa) ninayo. Namba yake nimeiripoti 15040, ile ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kuripoti namba za matapeli. Bidhaa feki ni kazi ya Tume ya Ushindani, FCC, na nimewaandikia nikiambatanisha picha za amplifaya ikiwa imefunguliwa na waya uliokwanguliwa. Dada wa Lindi naye ameandika. Mwalimu, nakuomba na wewe uandike, kwa sababu lalamiko moja linakaa kwenye faili. Ugumu wangu mkubwa mpaka sasa ni kwamba sina risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na kila ofisi niliyoingia hilo ndilo swali la kwanza. Jina kamili na namba siviweki hapa wakati suala liko polisi. Ukihisi ni huyo huyo, nitumie ujumbe tulinganishe.

Kama muziki wako ulifungwa na mtu wa aina hiyo, usisubiri harufu. Fungua boneti leo, fuata waya mnene wa amplifaya alioufunga yeye, si ule wa kiwandani, unaotoka kwenye chanya ya betri. Usipokuta fyuzi ndani ya urefu wa mkono wako mpaka kwenye kiwiko, chukua spana namba 10, vua hasi kwanza, halafu chanya, utoe waya huo kwenye terminali, ncha yake uifunge vizuri na selotepu ya umeme, ndipo urudishe betri. Gari litawaka na kutembea kama kawaida bila huo waya. Muziki utakuwa kimya mpaka fundi wa kweli aupitie.

Picha zote ninazo, anayetaka aombe.