Seti ya Kufufua Distribyuta ya Lucas 25D4: Kipi Kifungwe, Kipi Kiachwe

Habari za wakati huu, ndugu watazamaji. Na wazee wangu wenye Land Rover, shikamooni. Hapa mezani nina distribyuta ya Lucas 25D4, kile kifaa kinachogawa moto kwa plagi za kila silinda, iliyotoka kwenye Land Rover Series IIA, injini ya petroli ya lita 2.25. Pembeni nimepanga seti nzima ya kuifufua: kofia, rota inayozunguka chini yake kupeleka moto, platini (vidomo vinavyofunguka na kufunga kukata umeme), kondensa, bushi (pete ambamo shafti inazunguka), kiwaya cha arthi, springi mbili na washa zake. Mnaniuliza sana kama seti hizi zina maana, au mtu anunue tu distribyuta mpya ya nakala. Jibu langu nalitoa mapema: fufua ya zamani. Ila si kila kilichomo kwenye seti kinastahili kuingia kwenye gari lako, na hapo ndipo nataka tukae leo.

Kabla hujatoa hela, fungua kofia, ng'oa rota, shika shafti kwa vidole viwili uisukume kushoto na kulia. Angalieni hapa, sogeza kamera kidogo. Mnaona inavyocheza? Sasa iangalieni nafasi ya platini wakati naisukuma: inapanuka, inajifunga. Nafasi inayotakiwa kwenye 25D4 ni milimita 0.35 hadi 0.40. Shafti ikiyumba hata sehemu ya kumi ya milimita, robo ya nafasi yako imeshapotea, na haipotei sawasawa kwa silinda zote. Silinda moja inachomwa mapema, nyingine inachelewa. Ndiyo maana mtu anabadilisha platini, anabadilisha plagi, anafungua kabureta mara mbili, na gari bado linamisi likiwa saileni, yaani likinguruma bila kukanyagwa. Tatizo lilikuwa kwenye bushi tangu mwanzo.

Na hiki kifaa kinafanya kazi nzito jamani. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, platini zinafunguka mara 100 kila sekunde. Kwa kasi hiyo huwezi kusema shafti inacheza kidogo tu, haina shida.

Kwa hiyo kwangu mimi bushi ndiyo bidhaa yenye thamani kuliko zote kwenye hii seti, ingawa ndiyo ambayo watu wengi wanaiacha kwenye mfuko. Ni ya madini ya unga yaliyogandamizwa, ina vitundu vidogo sana vya kunyonya oili. Usiigonge ikiwa kavu. Ilaze kwenye oili nyepesi ya injini kwa saa 24. Ukiwa na haraka, ichemshe kwenye oili ya nyuzi 100 kwa saa mbili, kisha uiache ipoe humo humo kabla ya kuitoa. Halafu iingize taratibu kwa jiliwa, ukitumia kipande cha shafti kilicholingana nayo ndani ili isijikunje. Ikikubana kidogo, usikubali fundi aipanue kwa kuikwangua ndani. Ukiikwangua unaziba vile vitundu, oili haipiti tena, na baada ya muda unarudi palepale. Irudishe shafti, uizungushe kwa mkono na uigonge polepole kwa nyundo ya mbao mpaka ilainike yenyewe. Na kama shafti yenyewe imelika, ukisikia ngazi kwa ukucha, bushi mpya haitakuokoa. Tafuta shafti nzima kutoka distribyuta nyingine ya aina hiyo hiyo.

Ili uitoe shafti na kuifikia bushi inabidi utoe pini iliyoshika kile kipande cha chini chenye ulimi. Hapa nawaomba msikilize vizuri. Ulimi huu hauko katikati, umesogezwa upande mmoja kwa makusudi, ili distribyuta iingie kwenye injini kwa namna moja tu. Ukiirudisha pini baada ya kugeuza hicho kipande nusu mzunguko, distribyuta itaingia vizuri kabisa, lakini rota itakuwa inaangalia silinda namba nne wakati namba moja ndiyo inasubiri moto. Gari halitawaka, au litapiga risasi kwenye kabureta. Piga alama kwa sentapanchi kabla hujagusa pini: ulimi uko upande gani, na mdomo wa rota unaangalia wapi. Piga na picha kwa simu.

Tukishafika ndani, tunakutana na vyuma viwili vya uzito na springi zake. Kasi ikiongezeka vyuma vinatanuka, vinasogeza mbele kemu, ile sehemu ya juu ya shafti yenye pembe zinazofungua platini, na moto unawahi. Hapa kuna kutu na grisi ya zamani iliyokuwa ngumu kama gundi, na vyuma vilikuwa havirudi. Hii peke yake inatosha kufanya gari lisipande mlima. Osha kwa petroli na brashi, kausha, weka tone la oili kwenye kila kiungo.

Springi za kwenye seti siziweki. Zitazameni: mbili zinafanana kabisa. Ya kwangu ya asili ni moja nyembamba, na nyingine nene yenye kitanzi kilicholegea. Watu wakiona kile kitanzi kimelegea wanadhani kimechoka, wanakikaza kwa koleo. Kimelegea kwa kusudi: springi nyembamba inaanza kazi, ile nene inaingia baadaye kasi ikishapanda. Ukiweka mbili zinazofanana, mpangilio wote wa moto umebadilika na hutajua kwa nini injini inagonga. Springi za asili zikiwa hazijavutika wala kuota kutu, zisafishe uzirudishe.

Kile kiwaya cha arthi, chembamba, kilichofumwa, kutoka kwenye sahani inayobeba platini kwenda kwenye mwili, kibadilishe bila kufikiri mara mbili. Sahani ile inasogea kila vakyumu, kile kikopo cha pembeni kinachovutwa na mnyonyo wa injini, inapovuta, kwa hiyo waya unakunjwa na kukunjuliwa miaka na miaka. Nyuzi zinakatika ndani, nje kitambaa kinaonekana kizima. Gari linawaka vizuri, ukikanyaga linakata, ukiachia linarudi. Kiwaya cha kwenye seti hii ni laini na kimebanwa vizuri kwenye ncha. Nimeridhika nacho.

Vakyumu yenyewe ipime kwa mdomo. Nyonya kwenye kibomba, ziba kwa ulimi. Sahani isogee na ibaki imesogea. Ikirudi yenyewe, ngozi ya ndani imetoboka.

Platini za seti ni nzuri. Vidomo vinakutana sawasawa uso kwa uso na springi ina nguvu. Ila angalieni mpangilio wa washa kwenye ile nguzo ya kufungia. Springi ya platini, waya wa kondensa na waya unaotoka kwenye koili (inayozalisha umeme mkali wa cheche) vyote vikutane, lakini visiguse nguzo wala sahani, ndiyo maana kuna kile kikombe cha plastiki na washa za kuzuia. Kipande kimoja kikigusa nguzo, platini zinakuwa kama zimefungwa muda wote, hupati hata cheche moja. Baada ya kufunga, weka grisi ngumu kidogo sana kwenye kemu, na matone mawili ya oili juu ya shafti chini ya rota. Ukizidisha itarukia kwenye vidomo na kuviunguza.

Sasa kondensa. Hapa sina maneno mazuri. Nimeipima kwa mita, na inayotakiwa iwe karibu maikrofaradi 0.2, tuseme kati ya 0.18 na 0.25. Hii ikiwa baridi inasoma vizuri. Nikiipasha kwa hewa ya moto, usomaji unaanza kuyumba. Kondensa ya namna hiyo ndiyo inayokuacha barabarani mchana wa jua kali, ukisubiri injini ipoe gari linawaka, baada ya kilomita chache linazima tena. Ile ya zamani niliyoitoa, pamoja na ukongwe wake, imesimama imara baridi na moto. Nimeirudisha. Dalili ya kondensa mbovu ni platini kuungua haraka na kujenga kichuguu upande mmoja, kwa hiyo msiwalaumu wauza platini kabla ya kuipima.

Rota nayo ina jambo. Hii ya seti imefungwa ripiti ya chuma katikati, na chini ya ripiti plastiki ni nyembamba. Umeme wa koili unatafuta njia fupi, unatoboa pale na kuingia kwenye shafti badala ya kwenda kwenye plagi. Kuna rota zisizo na ripiti, ni ghali zaidi, na mimi ndizo ninazofunga. Kofia iko sawa: kaboni ya katikati inacheza kwa springi, haina ufa. Kofia yako ya zamani ukiona ndani mistari myeusi myembamba kama nyufa za nywele, itupe. Huo ni umeme umeshajichorea barabara.

Kurudisha kwenye gari: weka kwanza nafasi ya platini, taiming baadaye, kwa sababu ukigusa nafasi umegusa na taiming. Peleka silinda namba moja juu kwenye kompresheni, linganisha alama ya puli kwa digrii za injini yako, maana zilitoka za kompresheni ya 7:1 na za 8:1. Funga taa ndogo kati ya waya wa platini na bodi, washa swichi, zungusha mwili wa distribyuta polepole. Taa inapowaka tu, platini zimefunguka, kaza hapo. Waya za plagi ni 1-3-4-2 kufuata mzunguko wa rota. Na usiache swichi imewaka muda mrefu injini ikiwa imezima, koili itachemka.

Wengi mtauliza kuhusu zile moduli za elektroniki zinazochukua nafasi ya platini, mfano Pertronix, zenye pete ya sumaku chini ya rota. Ni kitu kizuri, nafasi haibadiliki na hakuna cha kuungua. Lakini haitibu bushi iliyolika wala vyuma vilivyoganda, kwa hiyo kazi ya leo inabaki palepale. Hakikisheni pia betri imefungwaje: Series IIA za mwanzo zilikuwa chanya kwenye bodi, na moduli ya gari lenye hasi kwenye bodi utaiunguza mara moja. Ikifa porini, imekufa, hakuna kuikwangua kwa msasa. Ukifunga moduli, beba platini na kondensa kwenye gari.

Baada ya kilomita mia chache rudi upime nafasi tena. Kisigino cha platini mpya kinajikalisha, nafasi inapungua, na moto unachelewa.

Kwenye mwili wa distribyuta yako kuna namba ya Lucas na tarehe, na kwenye kemu kuna digrii zilizogongwa, ambazo kwenye injini unazizidisha mara mbili. Safisha usome, uniandikie hapo chini namba zote mbili kabla hujanunua springi za mtu yeyote.